Ruhusa ya Kumuua Askofu

Marehemu Alvin Tollefsrud hakuwa mtu wa maneno, na hata wosia wake ulikuwa mfupi. Mwanawe wa pekee, Verlyn, alirithi shamba lililolala kwenye mteremko mkali, ambalo majirani walidai ng'ombe wake huzaliwa na miguu mifupi upande mmoja. Alirithi pia dungu la mbao lililojengwa juu ya mwaloni, ukingoni mwa msitu, mahali pa kuvizia kulungu. Na alirithi sheria. Sheria hiyo Alvin aliichonga kwa kisu kwenye boriti ya dungu, usawa wa macho ya mtu aliyekaa: HAPA HAPIGWI JIKE.

Ilipotungwa haikuwa sheria ya kipuuzi. Alvin alikulia enzi ambazo kulungu walikuwa wameadimika katika mabonde yale ya Wisconsin kiasi kwamba mtu akiona nyayo za mmoja kwenye theluji, habari ilifika kanisani kabla ya mchungaji. Kumpiga jike siku zile ilikuwa sawa na kukaanga mahindi ya mbegu. Basi watu wakajizuia, majike wakazaa, na kwa kuwa hakuna aliyepita kuwaambia sasa basi, wakaendelea kuzaa. Verlyn alipostaafu, bondeni Skaar kulikuwa na kulungu wengi kuliko Walutheri, na walikuwa wamenona kuwazidi.

Kazi aliyostaafu ilikuwa ya kutengeneza jibini. Miaka yake yote ya nguvu aliimalizia kwenye kiwanda cha ushirika, akisimama juu ya pipa la shaba na kusubiri maziwa yagande. Kazi hiyo ilimpa mikono laini kama ya mtoto mchanga na subira iliyowachosha watu wengine. Mkewe, Ardis, alikuwa akisema kwamba Verlyn alimposa kwa mwendo wa jibini gumu: alikuja, akakaa, akaiva.

Verlyn alikuwa na haja moja tu maishani ambayo haikuwa imetimia. Sebuleni, juu ya kochi, kilining'inia kichwa cha dume ambalo baba yake alilipiga ujanani, pembe zimetanda kama mti uliopukutika majani. Pembeni yake palikuwa na ubao wa kutundikia pembe, wa mti wa jozi, umepigwa msasa na kupakwa mafuta, mtupu. Alvin aliutengeneza siku Verlyn alipopata kipaimara, akautundika, akasema, "Huu wako." Tangu siku hiyo Verlyn alikuwa amepiga madume mengi, lakini yote yalikuwa ya sufuria, si ya ukuta. Ardis, ambaye hakupenda kuona msumari ukikaa bure, aliutundikia ubao ule kalenda ya kiwanda cha jibini. Kila mwaka Verlyn alibadilisha kalenda yeye mwenyewe, na kila mwaka alifanya hivyo kwa uso wa mtu anayesaini hati ya kushindwa.

Ndipo ukaja ugonjwa wa kunyauka.

Ulikuwa ugonjwa wa kulungu, na haukuwa na haraka, jambo ambalo Verlyn angeliheshimu katika mazingira mengine. Mnyama aliishi nao mwaka, pengine miwili, akionekana mzima. Kisha akaanza kukonda, mate yakimchuruzika, kichwa kimeinama, akikutazama kama mtu aliyesahau alilofuata jikoni. Mwisho wake ulikuwa mmoja kwa wote. Ulipita kwa mate na mkojo, ukakaa hata ardhini, na watu wa idara ya wanyamapori walikiri waziwazi kwamba hawana dawa wala chanjo. Walichokuwa nacho ni wawindaji. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: kulungu wakipungua, pua zinazogusana zitapungua. Na kulungu hawapungui kwa kupiga madume, maana dume mmoja anayebaki hujitwisha kazi ya wenzake bila kulalamika. Wanapungua kwa kupiga majike.

Tatizo ni kwamba wawindaji wote wanapenda pembe. Hivyo idara ikatunga masharti: hakuna ruhusa ya kupiga dume mwenye pembe mpaka kwanza upige asiye na pembe, umlete kituoni, kichwa kikatwe kipelekwe kupimwa, nawe upewe stika. Bila stika, dume angeweza kuja kukunusa buti, nawe ungeishia kumwamkia.

Bonde zima lilinung'unika, kisha likatii. Kwa Verlyn mambo yalikuwa magumu zaidi. Kwake ilikuwa kesi kati ya serikali na marehemu baba yake, na mmoja wa wadai hao alikuwa ameandika madai yake kwenye boriti, sentimita chache kutoka puani mwake.

Na mwaka huo kulikuwa na Askofu.

Askofu alikuwa dume ambalo hakuna aliyewahi kuona mfano wake tangu enzi za Alvin. Walimpa jina hilo kwa sababu alipita bondeni mara moja kwa mwaka, kila mtu alimwona kwa mbali, na hakuna aliyewahi kupata nafasi ya kuzungumza naye. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika katikati, kazi ya waya wa seng'enge, na pembe zake zilisimama wima, nzito, zenye matawi ambayo watu waliyahesabu tofauti kulingana na walichokunywa.

Aliyemtaka kuliko wote, ukimwondoa Verlyn, alikuwa Duane Zweifel, kaka yake Ardis, aliyelima ng'ambo ya seng'enge. Duane alikuwa mtu wa damu ya Uswisi, kifua kipana, na sauti iliyozoea kuita ng'ombe. Yeye sheria ya majike haikumsumbua hata kidogo. Asubuhi ya kwanza ya msimu alipiga jike kabla kahawa yake haijapoa, akamfikisha kituoni, akabandika stika ndani ya kofia yake, na kuanzia siku hiyo kila alipokutana na Verlyn alivua kofia kumsalimia. Katika miaka thelathini ya ushemeji hakuwahi kuivua.

Asubuhi hiyo hiyo ya kwanza, Verlyn alikuwa dunguni anakula mkate wa jibini, Askofu alipotoka msituni na kusimama mbele yake. Alisimama karibu kiasi kwamba Verlyn aliona mvuke wa pumzi yake na ule mpasuko wa sikio. Bunduki ilikuwa mapajani. Stika haikuwepo. Verlyn alimtazama Askofu, Askofu akamtazama Verlyn. Hakushtuka, hakukimbia, alibaki pale kwa muda ambao mwindaji mwenye akili zake timamu angeuona mrefu kupita kiasi, huku uzi wa mate ukimning'inia kidevuni. Verlyn akaona huo ndio utulivu wa mwenye cheo. Mwishowe Askofu akaondoka zake, taratibu, na Verlyn akamalizia mkate ambao haukuwa na ladha tena.

Kosa lake lilikuwa kusimulia. Ijumaa hiyo, kama Ijumaa zote, bonde lilikusanyika kula samaki wa kukaanga katika baa ya Mama Bernadine, na Duane alihakikisha meza zote zimesikia.

"Kwa hiyo Askofu alikuja mpaka kwako, shemeji," alisema, akichovya samaki wake bila haraka. "Akakusimamia. Nawe ukafanya nini, ulipiga magoti?"

"Nilikuwa nakula."

"Alikuwa anakula," Duane aliwatangazia watu. "Basi usijali. Akija upande wangu nitamfikishia salamu zako."

Kuanzia hapo Verlyn alitafuta jike. Hakika si kwamba majike walikosekana. Walipita chini ya dungu wakiwa makundi makundi, kama wanawake wa umoja wa kanisa wakienda kuandaa chakula, na baadhi yao walisimama wakajikuna kwenye shina la mwaloni wake. Lakini kila alipoinua bunduki, macho yake yalipita kwenye boriti. Huyu ana ndama. Yule anaelekea kuwa na mimba. Wa tatu hakuwa na kosa lolote isipokuwa aligeuka akamtazama kwa namna iliyomkumbusha shangazi yake Borghild. Msimu wa Novemba ukaisha hivyo. Idara ikarefusha muda mpaka Januari kwa ajili ya ugonjwa, Desemba ikaanza, theluji ikaongezeka, na Verlyn akaendelea kurudi nyumbani mikono mitupu, soksi zimelowa, akimwambia mkewe maneno yale yale: kwamba anatafuta jike, anachotaka ni jike mmoja tu, na jike wa kufaa haonekani.

Ardis alichukua soksi, akazipeleka chumba cha kufulia, akarudi na chakula. Alikuwa mwanamke wa matendo. Alimsikiliza mumewe jinsi mtu anavyosikiliza redio huku anakanda chapati za viazi, na mara moja tu, siku ile Verlyn alipofika mbali hadi kusema kwamba baba yake asingemsamehe, alijibu.

"Baba yako alikataza choo cha ndani pia," alisema. "Na naona unakitumia."

Neno hilo lilimkaa Verlyn. Alilitafuna katika chakula cha jioni cha kanisa, mbele ya sahani ya samaki waliolowekwa kwenye magadi mpaka wakawa rojorojo, ambayo Wanorwe wa bonde lile hula kila Desemba ili wasisahau kwa nini mababu zao walihama. Na hapo, kati ya tonge na tonge, akapata njia ya kupita baina ya baba na serikali bila kumgusa yeyote. Baba alikataza majike kwa sababu majike wanazaa. Basi jike asiyezaa hakuwa, kwa undani wa sheria, jike hasa. Alichohitaji ni mzee, tasa, mkondefu, anayetembea peke yake bila ndama wala shoga. Jike ambaye hata Alvin mwenyewe, akiambiwa kwa upole, angesema haya, sawa.

Siku chache baada ya Krismasi akampata. Ilikuwa adhuhuri ya baridi kavu, jua jeupe lisilo na kazi. Mnyama alijitokeza peke yake kutoka upande wa nyumba, si upande wa msitu, akitembea kama mtu mwenye viatu vya kuazima. Mkubwa wa mwili lakini mbavu zinahesabika, nyonga zimechomoza, kichwa chini. Hana pembe. Hana ndama. Alikuwa mzee, mkiwa, amechoka na dunia. Verlyn hakuweza kuomba zaidi. Akamwambia baba yake, kimoyomoyo, kwamba huyu hahesabiki. Akafyatua, na mnyama akaanguka pale pale, kwa wepesi wa mtu aliyekuwa anasubiri kisingizio.

Verlyn akateremka ngazi, akavua glovu, akachomoa kisu. Akamgeuza mnyama chali ili aanze kumtoa matumbo.

Jike lilikuwa dume.

Alikaa juu ya theluji kutafakari hilo. Kisha akatazama kichwani. Mahali pa pembe palikuwa na makovu mawili ya mviringo, mapana kama vifuniko vya chupa ya maziwa, mabichi bado. Dume huangusha pembe zake kila mwaka, baadaye kidogo katika majira ya baridi; aliyeugua huziangusha mapema. Verlyn alilijua hilo tangu utotoni na halikuwa limemjia akilini hata mara moja. Akaushika uso wa mnyama kwa mkono wake laini na kuugeuza upande wa pili. Sikio la kushoto lilikuwa limechanika katikati.

Kwa hiyo alikuwa amempiga Askofu. Amempiga kama jike, ili apate ruhusa ya kumpiga Askofu.

Jambo la kwanza alilofanya, baada ya uwezo wa kufanya jambo kumrudia, lilikuwa kuchukua gunia la chumvi ya ng'ombe garini na kumvisha mnyama kichwani, akalifunga shingoni kwa kamba. Ndipo akampakia kwenye pikapu na kwenda kituoni.

Kituo kilikuwa hema lililopigwa kando ya baa ya Mama Bernadine, na aliyekisimamia ni daktari wa mifugo wa idara, Colleen Hruska, mwanamke mrefu mwenye aproni ya mpira aliyekata vichwa mchana kutwa na kula supu katikati bila kuona tatizo. Verlyn alikuwa ameomba njiani asimkute mtu mwingine. Alimkuta Duane, ambaye alikuja kunywa brandi kidogo ya kuyeyusha miguu kabla ya kurudi kumvizia Askofu.

Duane alizunguka pikapu. Akasimama upande wa nyuma wa mnyama, akainama kutazama, kisha akavua kofia.

"Shemeji," alisema. "Huyu jike wako ni baba wa watu."

"Naona," alisema Verlyn.

"Mwezi mzima unachagua. Na mzigo wote huo hukuuona?" Akawaita watu waliokuwa baani waje, na wakaja, na glasi zao. "Mbona umemfunika kichwa? Ana aibu?"

"Mate," alisema Verlyn. "Yalikuwa yananichafulia gari."

Walicheka mpaka wengine wakashikilia ubavu wa pikapu. Duane alieleza kwa kirefu jinsi ya kumtambua jike, akaonyesha kwa mikono, akajitolea kumletea Verlyn fahali wake shambani wafanye mazoezi. Verlyn alisimama katikati ya kicheko hicho kama mtu aliyesimama kwenye mvua ya vuguvugu. Alishukuru kila neno. Kile ambacho kingemuua kilikuwa ndani ya gunia, na hakuna aliyekuwa analitazama gunia.

Colleen Hruska alikata shingo, akalichukua gunia pamoja na kilichomo, akaingia hemani, na baada ya muda akamwita Verlyn peke yake. Kichwa kilikuwa mezani, sikio lililochanika limetazama juu. Alikuwa akifanya kazi bondeni tangu ugonjwa uingie, na hakuna mtu aliyemletea kichwa bila kumsimulia habari za sikio hilo.

"Mzee Tollefsrud," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu si ndiye?"

"Ndiye."

Alitazama makovu ya pembe, akatazama mbavu kupitia mlango wa hema, akashusha pumzi. Alimwambia asiile nyama kabla ya majibu, ingawa yeye angemshauri asijisumbue hata kuyasubiri. Kisha akafungua sanduku, akatoa stika, akampa.

"Ya nini?" aliuliza Verlyn.

"Umeleta kulungu asiye na pembe. Sheria haiulizi alizipoteza vipi." Hakutabasamu, huenda kwa kujikaza. "Kuanzia sasa unayo ruhusa ya kupiga dume."

"Dume yupi?"

"Yeyote mkubwa utakayemwona," alisema Colleen, na akageuka kunoa kisu.

Majibu yalichukua zaidi ya wiki mbili. Wakati wote huo Duane aliendelea kukaa kwenye theluji, ukingoni mwa seng'enge, akimvizia Askofu. Verlyn alimwona kila asubuhi kutoka dirisha la jikoni, nukta ya rangi ya chungwa ya koti la uwindaji chini ya mti wa msonobari, na kila asubuhi alinuia kwenda kumwambia. Halafu alikumbuka lile la kuletewa fahali, akajimiminia kahawa nyingine.

Simu ilipolia alikuwa mezani, na Ardis anamenya viazi. Alikuwa Colleen. Askofu alikuwa na ugonjwa, na alikuwa nao sana. Hata hivyo hakupiga simu kwa ajili ya Askofu, maana mambo yake yalikuwa yamekwisha. Alitaka kujua aliishi na nani: alilala wapi, alikula wapi, na majike gani walikula mahali hapo hapo, kwa sababu hao ndio waliougusa mdomo wake, na wakiachwa mpaka majira ya kuchipua watapeleka ugonjwa bonde la pili na la tatu. Msimu ulibakiza siku chache. Idara inajua kupima, alisema Colleen. Kupiga ni kazi yenu.

Verlyn alikata simu. Akaeleza, kwa maneno machache. Akasema hajui pa kuanzia, kwani dume yule alitoka popote akaenda popote, yeye amekaa dunguni msimu mzima na hakuwahi kuona anakula wapi.

Ardis aliendelea kumenya. "Ni yule mwenye sikio lililochanika?" aliuliza.

Verlyn akageuka.

"Alikuwa anakuja nyuma ya ghala," alisema Ardis, akikitazama kiazi. "Kila asubuhi ukishaondoka. Maboga yalikuwa yanaoza, na yale matufaa machachu. Nikaona ni hasara."

Kulisha kulungu kulipigwa marufuku bonde zima, kwa sababu ya mate yale yale, na tangazo lilibandikwa hata kanisani. Ardis mwenyewe ndiye aliyelibandika. Lakini katika mawazo yake tangazo lile lilikuwa la watu wanaomwaga mahindi kwa magunia ili wawapige. Halikumhusu mtu anayetupa maganda. Dungu la Alvin lilitazama msituni. Mwezi mzima Verlyn alikaa kule, mgongo wake umeelekea nyumbani, akimtafuta mnyama aliyekuwa anapata kifungua kinywa kwake.

"Na pembe aliziangushia pale pale," aliongeza Ardis. "Moja kabla ya Krismasi, nyingine siku ya Krismasi tulipotoka ibadani."

"Ziko wapi?"

Alimpeleka chumba cha kufulia, mahali ambapo Verlyn, katika ndoa yote, hakuwahi kuwa na sababu ya kuingia. Pembe za Askofu zilikuwa zimefungwa ukutani juu ya jiko la makaa, moja huku, moja kule, zimefungwa vizuri kwa waya. Zilikuwa kubwa kuliko za Alvin. Na kwenye kila tawi, zikiwa zimetandazwa kwa uangalifu ili zipate joto sawasawa, kulikuwa na soksi zake za kuwindia.

Alisimama akizitazama mpaka Ardis akaanza kusogezasogeza sabuni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniambia unatafuta jike," alisema Ardis.

Ardis akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, na kwa mara ya kwanza mikono yake haikuwa na kitu cha kufanya. Aliuliza kama ni yeye aliyewapa ugonjwa, hao waliokula pamoja. Verlyn alijua jibu la idara. Akalipima, kama alivyokuwa akipima chumvi kwenye jibini, akampa kiasi ambacho kingeweza kumezwa: kwamba Askofu alikuwa nao tayari, wala maboga hayakumpa, lakini wale wengine wamekula sahani moja naye, na sahani ilikuwa yao.

Ardis akainuka, akafuta mikono ambayo ilikuwa mikavu. "Nawajua wote," alisema. "Yupo mwenye doa shingoni, na binti yake, na yule mnene anayewapiga wenzake teke. Wanakuja mpaka leo, wanaangalia kama nimeleta. Nitakuonyesha."

Mchana huo alizoa maboga yote yaliyobaki, akayafunga kwenye mifuko na kuyapeleka jalalani mwenyewe, akiendesha pikapu katikati ya barabara. Verlyn naye akavaa soksi kavu, akavuka seng'enge na kwenda hadi kwenye msonobari.

Duane alisikiliza mwanzo hadi mwisho bila kutikisika, ingawa huenda ni baridi. Gunia. Sikio. Makovu ya pembe. Zilipofika soksi, mdomo wake ulicheza kidogo. Kisha akauliza swali moja, polepole, kama mtu anayekanyaga barafu.

"Kwa hiyo siku ile kituoni, nilipokuwa nawachekesha watu juu yako, alikuwa ndiye yule garini?"

"Ndiye."

"Na tangu siku ile mimi nimekaa hapa."

"Nilikuwa nakuona," alisema Verlyn. "Kutoka jikoni."

Duane alitazama buti zake. "Shemeji, mguu wangu huu wa kulia haujanijibu tangu Jumanne." Akajaribu kuinuka, akashindwa, akanyoosha mkono, na Verlyn akamvuta. Walisimama hivyo, wameshikana, mmoja wao kwa lazima. Duane akaanza kucheka, na alipocheka kulungu wote wa mabonde matatu walijua alipo. Alipomaliza alivua kofia, akabandua stika yake, akaitazama, akaitia mfukoni.

"Haya," alisema. "Hao majike wa dada yangu wako wapi?"

Walipanga kwa njia ya kawaida ya pale: Duane apite nyuma ya ghala na kuwasukuma kulungu watoke, Verlyn awangoje juu, kwani wakitoka pale hupita chini ya mwaloni. Ardis alibaki kwenye dirisha la chumba cha kufulia, kati ya zile pembe, kuhakikisha ni wenyewe.

Verlyn alipanda ngazi ya baba yake. Akageuza kigoda, kwa mara ya kwanza tangu dungu lijengwe, kikaelekea nyumbani, na hapo ndipo alipogundua kwamba boriti bado ilikuwa mbele yake. Alvin alikuwa amechonga maneno yake pande zote mbili. Alisikia sauti ya Duane ikianza kule chini, ile ya kuita ng'ombe. Katikati ya maneno palikuwa na msumari mrefu wa taa. Verlyn akavua kofia yake, akaitundika pale, ikafunika kila kitu. Ilikuwa baridi ya kugandisha masikio. Akaweka bunduki begani, akakaa kichwa wazi kama mtu aliye kanisani, akamngoja wa kwanza, yule mwenye doa shingoni.